Nasoma slaidi peke yangu, na usiku sipati usingizi

*Mimi ni daktari bingwa wa patholojia, umri wangu miaka 36, na nafanya kazi katika hospitali moja hapa Dodoma. Nilipomaliza shahada ya uzamili nilijiona niko vizuri. Sasa kitengo chetu cha endoskopi kimechangamka, na kila siku naletewa vichupa vyenye vinyama vya umio, vya tumbo, vya utumbo mpana, na mara mojamoja vinyama vya ini vilivyochukuliwa kwa sindano. Chuoni mambo haya tuliyapitia harakaharaka. Muda mwingi tulikuwa kwenye matiti, shingo ya kizazi na tezi. Nikikwama naandika “uchochezi sugu usio mahususi”, na daktari wa tumbo ameanza kuniambia kwamba majibu yangu hayamsaidii.*

*Mwezi uliopita nilisoma kinyama cha kijana mmoja, fundi pikipiki, aliyekuwa akiharisha damu. Niliandika kwamba picha inaelekea kolaitisi ya vidonda, akaanzishiwa steroidi. Tangu hapo roho yangu haijatulia, ingawa sina ushahidi kwamba nimekosea. Mwalimu wangu yuko Dar es Salaam, lakini naogopa kumpigia, ataona alinifundisha bure.*

*Nimepata kozi ya nje ya magonjwa ya tumbo na ini, mwaka mzima kwa mtandao na wiki moja ya kwenda kukaa huko. Ada yake ni kubwa, nataka kukopa SACCOS. Mume wangu anasema kama ni kukopa, tukope tupaue nyumba yetu ya Iyumbu, na kwamba shahada mbili zinanitosha. Mama, nikope?*

*Daktari, Dodoma*



Swali lako la mkopo nitalijibu, lakini kuna jambo la leo linalotangulia. Nenda kabatini utoe bloku ya nta yenye kinyama cha yule kijana. Mwombe fundi wa maabara akate vipande vipya na kimoja akipake rangi ya PAS. Wakati unasubiri, irudishe slaidi ya zamani chini ya hadubini, na safari hii usianzie kwenye ukuta wa utumbo. Anzia kwenye ule uchafu wa juu: ute, usaha na damu iliyoganda, vile vilivyomeguka na kuelea pembeni ya kinyama. Wengi hupita hapo mbio kwa kudhani hapana kitu, na amiba hukaa hapohapo.

Ukiitazama kwa haraka utasema ni makrofaji, kwa kuwa ni ya mviringo na mwili wake umejaa vipovu. Lakini kiini cha amiba ni kidogo mno, cha duara, na mara nyingi hakionekani kabisa kwenye kipande ulichokata. Ndani ya mwili wake unaweza kukuta chembe nyekundu za damu ilizozimeza. Ukiziona hizo ndani ya kitu cha namna hiyo, huna haja ya kubahatisha tena. PAS huipaka rangi ya zambarau iliyokolea, ikajitokeza hata kwa lenzi ndogo.

Nakuharakisha kwa sababu magonjwa haya mawili humjia mgonjwa kwa sura moja: kuharisha damu, tumbo kusokota, kukonda. Hata kamera huweza kudanganyika. Tiba zake ndizo zinazopingana. Mwenye kolaitisi ya vidonda steroidi humsaidia. Mwenye amiba akipewa steroidi, utumbo unaweza kutoboka, naye akafa kwa ugonjwa ambao dawa yake, metronidazoli, inauzwa kwenye kila duka la dawa pale Majengo. Kwa hiyo mpigie daktari wake leo, usingoje slaidi mpya. Mwambie: “Naipitia upya slaidi ya mgonjwa wako, naomba apimwe choo, na naomba kujua anaendeleaje.” Daktari anayejua kazi yake atakushukuru kwa simu hiyo. Ukikuta amiba, toa ripoti ya marekebisho yenye tarehe, useme wazi kilichobadilika. Usipoikuta, iandike vilevile kwamba umeitafuta na hukuiona.

Kwa wasomaji wengine wa safu hii, ambao huenda hawajawahi kukutana na mtu wa kazi hii, niseme maneno machache. Ukichukuliwa kinyama hospitalini, hutiwa kwenye formalini, hulazwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba sana, hupakwa rangi na kuwekwa juu ya kioo. Mtu anayekitazama kioo hicho kwa hadubini na kuamua kama una saratani, kifua kikuu cha utumbo, kichocho au hakuna kitu, ndiye daktari wa patholojia. Hukumwona, hakukupa mkono, jina lake liko chini ya karatasi ambayo pengine hukuisoma. Upasuaji na dawa utakazopewa husimama juu ya neno lake. Ndiyo maana elimu yake ikichakaa, anayeumia ni mgonjwa asiyemfahamu.

Sasa nirudi kwako, mwanangu, kwenye hiyo kozi. Kozi za namna hiyo nazifahamu, na zilizo nzuri ni nzuri kweli. Lakini zimetungwa kufuata wagonjwa wa huko: umio uliobadilika kwa sababu ya asidi ya miaka mingi, ini lenye mafuta la mtu mnene, ini lililopandikizwa, vivimbe vidogo vilivyokamatwa mapema kwa sababu kila mwenye umri fulani huitwa kupimwa utumbo. Utayahitaji hayo siku moja, na mengine yameshaanza kuonekana kwetu. Ila hayo siyo yanayokunyima usingizi leo. Ninachotaka kukuambia ni kwamba mafunzo yako yaanzie kwenye kabati lako la slaidi, tena usiyafanye peke yako. Ukishakaa na slaidi zako na watu wengine kwa muda, utajua mwenyewe kozi ipi uifuate, na utaifuata ukiwa na maswali ya kuuliza.

Tazama mahali ulipo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umepokea watu wa kila pembe ya nchi, na kila mmoja amekuja na historia ya ini lake. Askari aliyekulia Ukerewe, karani wa wizara aliyezaliwa Musoma, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyeogelea utotoni ziwani huko Magu: hao wote wanaweza kuwa na kichocho cha tumbo walichokipata miaka mingi kabla ya kuiona Dodoma. Anafika mtu wa miaka 30 ametapika damu, bandama imevimba, daktari anaandika kwenye fomu “sirosisi?”, nawe unaletewa uzi wa ini uliotolewa kwa sindano.

Hapo ndipo ningependa ukae kitako. Mayai ya *Schistosoma mansoni* husukumwa na damu hadi kwenye matawi ya mshipa mkuu unaoingia ini, yakakwama humo, na mwili ukayazungushia kovu. Mwaka 1904 Symmers, akifanya kazi Misri, aliyaeleza makovu hayo mazito meupe yanayoizunguka mishipa, akayafananisha na mashina ya kiko cha udongo. Lakini seli za ini katikati ya makovu hayo kwa kawaida hubaki katika mpangilio wake. Hazijakatwakatwa kuwa vinundu kama ilivyo kwenye sirosisi. Ndiyo maana mgonjwa wa kichocho anaweza kutapika damu kwa mabeseni huku ini lake likiendelea na kazi zake vizuri tu.

Ukiandika “sirosisi” kwenye ripoti ya mtu huyo, umemhukumu. Ndugu zake wataambiwa ini limekwisha, wataanza kuuza ng'ombe, au watamrudisha nyumbani akangoje siku yake. Ukiandika kovu la kichocho kuzunguka mishipa, daktari atampa prazikwanteli, atamfunga ile mishipa ya umio iliyovimba, atampa propranololi, na mtu huyo anaweza kurudi kazini. Paka trikromu uone kovu limekaa wapi, paka retikulini uone kama vinundu vipo au havipo. Pia fahamu mipaka ya kipande ulichopewa: wataalamu wa ini wanataka uzi wa angalau sentimita 2, wenye maeneo ya mlango 11 au zaidi, yaani pale mishipa na kimfereji cha nyongo vinapopita pamoja. Uzi mfupi unaweza kuyakosa kabisa makovu makubwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu, omba picha ya ultrasaundi. Mtaalamu wa ultrasaundi ameliona ini zima, wewe umepewa uzi.

Kwenye utumbo mpana nako yatafute mayai hayo. Yakiwa yamekufa na kukauka huwezi kuona mwiba wake upo ubavuni au mwishoni. Paka Ziehl-Neelsen: ganda la yai la *mansoni* hushika rangi nyekundu, la *haematobium* kwa kawaida halishiki. Rangi hiyo unayo tayari, kwa ajili ya kifua kikuu.

Halafu kuna jambo ambalo Dodoma inalijua kwa uchungu kuliko miji mingi. Katikati ya mwaka 2016 watu wa vijiji vya Dodoma na Manyara, wilaya za Chemba na Kiteto zikiwemo, walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakageuka manjano. Mwanzoni haikujulikana ni ugonjwa gani. Uchunguzi wa damu na wa mahindi yaliyokuwa majumbani ukaonyesha ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Kenya walipitia janga kama hilo mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Nyanda zetu hizi ni kame. Mmea unaochomwa na ukame shambani hushikwa na ukungu kwa urahisi, na mahindi yakivunwa na kuwekwa kabla hayajakauka sawasawa, ukungu unaendelea ghalani.

Vifo vya ghafla viliandikwa magazetini. Ile sumu inayoliwa kidogokidogo mwaka hadi mwaka haiandikwi, nayo ndiyo itakayokuletea slaidi. Sumukuvu huibadilisha jeni ya TP53 mahali mahususi, kodoni ya 249, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini B anayekula sumukuvu ana hatari kubwa kupita kiasi: uchunguzi uliofanywa Shanghai na kuchapishwa miaka ya 1990 uliikuta hatari hiyo ikikaribia mara 60 ya mtu asiye na kimoja kati ya hivyo viwili. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002. Hesabu mwenyewe: mgonjwa wako wa miaka 35 au 40 hakuipata utotoni. Atakuja akiwa bado na nguvu za kulima, ana uvimbe mkubwa wa ini, na pembeni ya uvimbe ini lake linaweza lisiwe na sirosisi hata kidogo. Aliyefundishwa kwa vitabu vya nje peke yake atasita, atasema saratani ya ini huja juu ya sirosisi. Wewe usisite kwa sababu hiyo. Tazama unene wa safu za seli, paka retikulini: kwenye saratani nyuzi zake hupungua au kutoweka, na safu zinazidi seli tatu. Tazama pia seli za pembeni zenye mwili laini wa rangi iliyofifia, zile za homa ya ini B. Orseini huzipaka kahawia. Dawa hizi za rangi ni za gharama ndogo ukilinganisha na immunohistokemia, na fundi wako akizifanya kila wiki mkono wake utazoea. Akizifanya mara moja kwa miezi sita, retikulini itamtoka nyeusi tii na wewe hutaona kitu.

Kuhusu umio sina mengi. Upande wote huu wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na karibu yote ni ile ya seli bapa. Wanakuja wakiwa hawamezi hata uji. Kosa la kuogopa hapo ni kinyama kidogo cha juujuu ambacho hakijafika chini. Sema kwamba hakitoshi, na uombe kingine upesi, kwa simu.

Tumbo lina shida nyingine, nayo haiko kwako, iko kwenye kichupa. Unaletewa vinyama vinne vimechanganywa, fomu imeandikwa “maumivu ya tumbo”, basi. Huwezi kusema lolote la maana kuhusu gastraitisi kama hujui kipi kimetoka wapi. Mfumo wa Sydney, uliofanyiwa marekebisho miaka ya 1990, unataka vinyama vitano, viwili vya sehemu ya chini ya tumbo, viwili vya sehemu ya kati na kimoja cha pale linapojikunja, kila sehemu na kichupa chake. Siku moja kwa wiki vaa koti uingie chumba cha endoskopi. Simama nyuma ya daktari wa tumbo, uone anachokiona. Mwonyeshe kwa upole kwamba nawe unahitaji kuambiwa: kidonda kiko wapi, mgonjwa anatumia dawa gani, anatoka wilaya gani. Naamini malalamiko yake juu ya ripoti zako yatapungua nusu siku hiyohiyo, kwa sababu nusu ya ripoti mbovu huanzia kwenye fomu tupu.

Na ile sentensi yako ya “uchochezi sugu usio mahususi”, iache. Haina uongo, lakini haimwambii daktari chochote. Andika ulichokiona, ulichokitafuta ukakikosa, na unachoomba. Kwa mfano: “Vinyama viwili, vyote vya rektamu. Uchochezi upo, vitezi havijapinda. Amiba imetafutwa kwa PAS, haikuonekana. Mayai ya kichocho hayakuonekana. Hakuna granuloma. Naomba vinyama kutoka sehemu za juu za utumbo mpana na mwisho wa utumbo mwembamba.” Ukimwandikia hivyo atajua afanye nini Jumatatu.

Mwaka 1979 daktari mmoja wa patholojia huko Perth, Australia, Robin Warren, alikuwa kwenye kazi yake ya kawaida ya kusoma vinyama vya tumbo alipoona vijidudu vilivyopinda vimejipanga juu ya ukuta. Wengi waliamini kwamba bakteria hawawezi kuishi kwenye asidi ya tumbo. Aliendelea kuvitafuta slaidi baada ya slaidi, akavipaka rangi ya fedha ili vionekane vizuri, na baadaye akashirikiana na daktari kijana, Barry Marshall. Ni yule *Helicobacter pylori* ambaye leo kila mwenye vidonda vya tumbo Tanzania amesikia habari zake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nakutajia hili kwa sababu Warren aliwagundua bakteria hao kwa kutazama kwa makini vinyama vya wagonjwa wa mji wake, kisha akapata mwenzake wa kubishana naye. Wewe sehemu ya kwanza unayo. Ya pili ndiyo imekosekana.

Kwa hiyo mpigie mwalimu wako. Nimefundisha, nakuambia kwa uhakika: mwanafunzi anayemhuzunisha mwalimu ni yule aliyenyamaza. Katika maabara nyingi zinazoheshimika duniani, saratani mpya haitolewi jibu mpaka jicho la pili limeiona, na hilo hufanywa hata na maprofesa. Makerere miaka ya 1960, Profesa Michael Hutt alikuwa akipokea vinyama vya hospitali za mbali za Uganda kwa njia ya posta, akivisoma na kutuma majibu. Lilongwe, nchini Malawi, Hospitali Kuu ya Kamuzu ilifungua maabara yake ya patholojia mwaka 2011 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha North Carolina, na wataalamu wa pande hizo mbili wakawa wanakutana kila wiki kwa mtandao, wanaweka slaidi kwenye skrini, wanabishana juu ya mgonjwa mmojammoja, pamoja na madaktari wanaomtibu. Ukiniuliza mafunzo endelevu yana sura gani, nitakuonyesha kikao hicho.

Wewe anza na watu watatu au wanne: mmoja Muhimbili, mmoja Moshi, mmoja Mwanza, na daktari wako wa tumbo hapohapo Dodoma. Chagueni siku moja ya wiki na saa moja ya jioni. Kila mmoja alete kisa kimoja kilichomshinda, siyo kile anachotaka kujisifia. Picha za simu kupitia lenzi ya hadubini zinatosha kuanzia, mradi uiweke simu kwenye kishikizo isitikisike, upige kwanza kwa lenzi ndogo ndipo upande juu, na ufute jina na namba ya mgonjwa kabla hujatuma. Usitume kwenye makundi makubwa ya WhatsApp ambayo hujui nani yumo. Yanayoshindikana kwa picha, tuma bloku kwa basi, au ipeleke mwenyewe: tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, Dar es Salaam ni safari isiyozidi saa nne. Unaweza kwenda Ijumaa alfajiri, ukakaa na mwalimu wako kwenye hadubini ya vichwa viwili, ukarudi usiku kulala kwako. Na wewe pia upokee za wenzako. Mwenzako wa Mwanza ameona kichocho kingi kuliko wewe. Wewe utakuwa na mengi ya kumwambia juu ya maini ya Chemba na Kongwa.

Weka daftari. Kila kisa: ulichoandika, alichosema mwenzako, mgonjwa aliishia wapi baada ya miezi sita. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha, na ndiyo inayoachwa wazi, kwa sababu kumfuatilia mgonjwa kunahitaji kupiga simu na kubisha hodi kwenye wodi za watu. Baada ya mwaka utaona mwenyewe unakosea wapi. Daftari hilo likipangwa vizuri, na vikao vikiwa na mahudhurio yaliyosainiwa, ulizia namna ya kuvisajili, kwa kuwa Baraza la Madaktari Tanganyika linataka ushahidi wa mafunzo endelevu unapohuisha leseni. COPECSA, chuo cha wataalamu wa patholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, nacho hukutanisha watu wa kanda hii, jiunge nao. Kitabu kimoja nakushauri usikikose, kile cha Shirika la Afya Duniani cha uvimbe wa mfumo wa chakula, toleo la tano, la 2019. Kama cha kwako ni toleo la 2010, majina na madaraja kadhaa yamebadilika, na daktari wa saratani anasubiri yale mapya.

Mkopo: usikope. Siyo kwa sababu shahada mbili zinakutosha. Katika hilo mumeo amekosea, na ni vizuri umweleze kwa utulivu. Mweleze habari za yule fundi pikipiki bila kumtaja jina. Mwambie kwamba kazi yako hubadilika kila miaka michache na kwamba ukibaki nyuma kuna mtu ataumia. Watu wa nyumbani kwetu hawajui tunabeba nini kwa sababu tunarudi mikono ikiwa safi. Akishaelewa, mkubaliane kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya kitabu, bando na nauli ya treni. Katika suala la paa yuko sahihi, nyumba isiyoezekwa inaharibika na mvua. Kozi kubwa iombee ufadhili. Wizara ya Afya imekuwa ikisomesha madaktari ubingwa na ubingwa bobezi, na mwombaji mwenye daftari la mwaka mzima la visa vya ini na utumbo ana la kuonyesha kuliko mwenye barua tupu.

Kisha mwandikie mganga mfawidhi wako. Usiombe safari. Omba dawa za rangi nilizokutajia, fomu mpya ya endoskopi yenye mahali pa kuandika kila kichupa kimetoka wapi, na saa moja ya jioni kwa wiki ambayo hutaitwa kwingine. Weka hesabu pembeni, maana wakubwa husoma hesabu: endoskopi inayorudiwa kwa sababu jibu la kwanza halikueleweka inagharimu kiasi gani, mgonjwa kutoka Mpwapwa anakaa siku ngapi mjini akingoja, kitanda kinashikiliwa kwa muda gani. Bei ya hizo dawa za rangi iweke chini ya hapo. Barua hiyo ipeleke pamoja na daktari wa tumbo, mkiwa mmeisaini wote wawili.